Nilikikataa Cheo cha Tunduma, na Bili Yake Naijua

Mwanamume wa Dar es Salaam akikataa cheo, hakuna anayemuuliza sababu. Wanauliza mkewe kamlisha nini. Limbwata ndilo linatajwa kwanza, uvivu unafuata, kisha anajitokeza mmoja mwenye huruma anayesema labda jamaa anaumwa na hataki kusema. Yote hayo niliyasikia, mengine nikiwa nimesimama palepale kwenye shughuli ya watu, soda mkononi. Sikujibu kitu. Leo najibu, tena kwa urefu, kwa hiyo mwenye haraka ataniwia radhi.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Mjini wanaita kliaringi. Mzigo unashuka bandarini, mwenye mzigo yuko Kariakoo au Lubumbashi, sisi tuko katikati. Tunaandaa nyaraka, tunaingiza taarifa kwenye TANCIS, mfumo wa forodha wa TRA, kodi inalipwa, tunasubiri ukaguzi, tunatafuta lori, tunahangaika kontena litoke getini kabla siku za bure hazijaisha. Zikiisha, storeji, yaani ada ya kuuhifadhi mzigo, inaanza kuhesabiwa, na mwenye meli naye anadai demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena lake. Ndiyo maana simu zetu hazizimwi. Meneja wa kliaringi anayezima simu saa tatu usiku huyo ni meneja mstaafu.

Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi iliamua kufungua tawi Tunduma, mpakani na Zambia. Wanaojua biashara ya transiti, ile mizigo ya kupita tu kwenda au kutoka nchi jirani, hawahitaji maelezo. Shaba ya Zambia na Kongo inapita pale ikija bandarini, na mafuta, mbolea na magari ya mitumba yanapita pale yakienda. Oktoba 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ili lori likaguliwe upande mmoja tu wa mpaka badala ya pande zote mbili, lakini foleni ya malori pale bado ni ya kwenda kuitazama. Pesa ipo. Bosi akaniita, akanikalisha, akaagiza chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Meneja wa tawi. Nyumba, gari, mshahara karibu mara mbili, na kitu kidogo kwenye faida ya mwisho wa mwaka.

Kutoka Goba ninakoishi hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900.

Swali la kwanza la kila mwenye akili ni hili: si uhame na familia? Tuliliuliza sisi wenyewe kabla yenu. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Uhamisho wa kumfuata mwenza upo, lakini una mwendo wake: barua, halmashauri unayotoka, halmashauri unayokwenda, TAMISEMI, nafasi iwepo. Walimu wenzake wanaosubiri anawajua kwa majina. Angeweza kuacha kazi, na kuna waliotushauri hivyo kwa urahisi sana, kana kwamba ualimu wake ni kibarua cha kujishikiza mpaka mume apate.

Halafu yupo mama. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, akaja kukaa kwetu. Ana kliniki yake, ana mtu wa mazoezi ya viungo aliyemzoea, na mume wake, yaani baba yangu, amelala kwenye makaburi ya Kinondoni. Nilipomdokeza habari ya kuhama aliniangalia kwa lile jicho lake moja linalofunguka vizuri. "Mimi si kontena, baba," akasema, akageukia redio yake.

Sasa niseme jambo ambalo wengi huliruka. Hata kabla ya habari za Tunduma, nyumbani sikuwepo. Nalala Goba, lakini kuishi nilikuwa naishi mjini. Ukitaka kuikwepa foleni unatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, giza bado totoro, na barabarani unakutana na vipanya vya shule vimeshajaa watoto wanaosinzia na sare zao. Jioni ukitoka ofisini saa kumi na mbili unafika kwako saa tatu, mvua ikinyesha ni saa nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ni saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na saa za ziada zisizidi 50 kwa wiki nne. Nzuri sana. Ila saa za barabarani hazimo kwenye kifungu chochote, na mtu wa Dar ndiko anakozeekea.

Sheria hiyohiyo inampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akipata mapacha, na akirudi kazini mwajiri anatakiwa amruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Baba anapewa angalau siku 3, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Nami nilizichukua, binti yetu alipozaliwa, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa koridoni nikimweleza mteja kwa nini mzigo wake umewekwa kwenye ukaguzi wa macho.

Lakini kilichonishtua hakikuwa sheria. Siku moja, mchana wa kazi, simu ya mke wangu ikanipigia. Nikapokea, kumbe ni kijana wetu, wakati huo ana miaka sita. Akasema, taratibu, kwa adabu yote: "Habari za kazi, baba. Samahani kwa usumbufu." Alikuwa anataka kujua pampu ya baiskeli iko wapi. Nilimwelekeza, nikakata, nikabaki nimeishikilia ile simu. Kauli ile aliiokota kwangu. Ndivyo wateja wanavyonianza, ndivyo na mimi ninavyowaanza maofisa, naye kwa akili yake akaona kumbe huyu mtu huongeleshwa hivi. Hakuna aliyemfundisha. Mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka ghafla.

Hata hivyo sitaki kuimba ule wimbo wa "pesa si kitu". Mara nyingi wanaouimba wamekalia kochi la ngozi. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa Wachina mwishoni mwa miaka ya 1960. Zamu ikiisha yuko nyumbani. Alitufundisha kusoma saa, kunyoosha sare, kucheza bao. Kwa mapenzi hatukupungukiwa hata siku moja. Alipopunguzwa kazi miaka ya 1990, ada yangu ya sekondari alilipa mjomba, na kila alipoilipa baba alikwenda kumshukuru mwenyewe, amevaa shati lake la Idi, akirudi hasemi na mtu. Mkono mtupu haulambwi, na baba aliujua ukweli huo kwa namna nisiyomtakia mtu. Kwa hiyo mtu akiniambia anakwenda Tunduma, Dodoma, Muscat au popote ili watoto wake wasije wakalipiwa ada na mjomba, mimi namwelewa kabisa, tena namsindikiza stendi.

Basi uamuzi wetu haukufanywa kwa machozi. Ulifanywa kwa kaunta buku. Mke wangu alikaa mkekani, akachora mstari katikati ya ukurasa kama anavyowachorea wanafunzi wake, akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijasikia zuri kulipita: "Hizo hela za Tunduma zitatununulia nini ambacho hatuna na tunakihitaji?" Tukaanza kutaja. Plasta. Jipsam. Tailizi za sebuleni. Gari lisilochemsha kila likipanda mlima wa Goba. Kisima. Akaandika vyote, hakubisha hata kimoja. Kisha upande wa pili akaandika vitakavyonunuliwa kwa sababu mimi sipo: mtu wa kulala na mama na kumgeuza usiku, mtu wa kumpeleka kliniki, nauli zangu za kuja na kurudi, dada wa pili wa kazi, na chakula cha mwanamume anayeishi peke yake mpakani, ambacho tulikikadiria kwa kucheka na baadaye bila kucheka. Ile mara mbili ya mshahara ikaanza kusinyaa mbele ya macho yetu. Haikuisha. Nasema kweli, haikuisha. Ilibaki pesa ya maana, ambayo ingemaliza nyumba ndani ya miaka michache. Hiyo iliyobaki ndiyo tuliyoikataa, kwa kujua.

Mbele ya bosi sikutoa hotuba. Nilisema nyumbani kuna mgonjwa na siwezi kuhama. Alielewa, ila kazi nazo zina utaratibu wake: anayekataa kupanda haachwi muda mrefu kwenye ngazi ileile. Nikaona upepo unakoelekea, nikaandika barua, nikahamia kwa rafiki mwenye ofisi ndogo ya uwakala. Siku hizi asubuhi niko mjini kwa yale yanayohitaji mtu mwenyewe, mchana narudi Goba wakati barabara bado inapitika, na nyaraka nyingine naziandaa nyumbani kwa kompyuta, maana mfumo haujali umekaa Samora au umekaa jikoni. Kipato kilishuka karibu theluthi.

Theluthi ya kipato ikiondoka haiondoki kimyakimya. Kitu cha kwanza ilichukua shule. Kijana alikuwa Ingilishi midiamu, akivaa tai na soksi ndefu. Tukamhamishia shule ya serikali, ambako elimu ya msingi haina ada, ingawa michango ya uji na ya mitihani mzazi anaijua. Mama mkwe alisema neno moja tu, "Mnamrudisha mtoto nyuma," na hajalifuta. Sitajifanya kwamba hana hoja. Darasa lina watoto zaidi ya mia, madawati yanagombaniwa, Kiingereza cha kijana kimepungua na nakisikia kikipungua. Jioni nakaa naye. Nimegundua hesabu za kutoa anazikosea mahali pamoja tu: akikopa kwenye makumi anasahau kwamba amekopa. Mwaka mzima wa tai na soksi ndefu ripoti iliniandikia "anajitahidi" na sikujua anakwama wapi. Je, hili linalipa lile? Kwa upande wa Kiingereza, hapana.

Kitu cha pili ilichukua heshima ya kwenye magrupu. Asiyejua Dar ajue kwamba hapa harusi inajengwa kwa michango, na michango inakusanywa WhatsApp, na kadi ni mbili: singo ya mtu mmoja na dabo ya watu wawili. Nilikuwa mtu wa dabo. Tena nilikuwa mweka hazina wa kamati, mtu anayeandika "tunamshukuru fulani, wengine tusichelewe". Nilipoanza kutoa singo, tena kwa awamu, hakuna aliyenitukana. Waliacha tu kuniita vikaoni. Vikao vya harusi vinafanyikia Sinza, vina nyama choma, na humo ndimo dili nyingi za kliaringi huzaliwa, kwa hiyo ile singo ilinigharimu zaidi ya tofauti ya bei ya kadi. Mke wangu naye alipunguza hisa kwenye kikoba chake. Na nyumba yetu imebaki vilevile: tumehamia bila plasta, vyumba viwili havina mlango bali pazia, na juu nondo zimechomoza kungoja ghorofa ambayo sidhani kama itakuja. Mafundi wakipita wanatoa ushauri wa bure.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyelisema bila kupaka mafuta. Alikuja Jumapili, akanikuta nimeshika mkono wa mama nikiukunja na kuukunjua vidole, mke wangu pembeni anasahihisha madaftari, wali uko jikoni naupika mimi. Akasubiri mama asinzie. Akasema mwanamume halei, mwanamume analeta. Kulea si mchango.

Nilimjibu kwa jambo ambalo kila mwanafunzi wa sheria nchi hii analijua na sisi wengine hatulijui. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa uamuzi katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif. Kilichobishaniwa kilikuwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachozungumzia mgawanyo wa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mke ambaye kazi yake ni ya nyumbani, je, amechuma? Mahakama ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Kupika, kufua, kulea, kumwacha mwenzako atoke akatafute akijua nyuma kuna mtu. Majaji waliyasema hayo mimi nikiwa bado mtoto, na kaka yangu amejenga nyumba tatu juu ya mgongo wa shemeji ambaye hadi leo anamtambulisha kwa wageni kuwa "huyu yupo tu nyumbani". Sikumwambia hili la mwisho. Nimeliandika hapa kwa kuwa hasomi blogu.

Nilipata nini? Hapa wasomaji wengine wanangoja niseme nyumba imejaa amani. Haijajaa. Mimi na mke wangu tunagombana zaidi kuliko zamani, kwa sababu zamani hatukuwa na muda huo. Tunagombana juu ya chumvi ya mama, ambaye hatakiwi chumvi nyingi na analalamika mboga yangu haina ladha, na mke wangu anamtilia kidogo nikigeuka. Tunagombana kwa sababu, anavyodai yeye, nawaongoza watoto kama makarani, "wewe fuatilia hili, wewe nipe majibu kufikia saa kumi". Ana haki. Lakini nimejua mambo ya mwanamke huyu ambayo miaka yote ya ndoa yalikuwa yananipita nikiwa barabarani. Nimejua anaposahihisha daftari la mtoto mvivu anaguna, la mtoto mwenye njaa ananyamaza, na kwamba anaweza kuwatofautisha kwa mwandiko. Nimejua kwamba alitaka kusoma zaidi na hakuwahi kulitaja, kwa kuwa hakuona atamtajia nani na saa ngapi.

Na mama, vidole viwili vya mkono wa kulia vimerudi. Anashika kijiko. Chai bado hawezi.

Aliyekwenda Tunduma badala yangu ni rafiki yangu, na kama mnangoja niseme ndoa yake ilivunjika, mtangoja sana. Alihama na mke na watoto, mkewe akafungua duka la vifaa vya ujenzi, wanaendelea vizuri, watoto wanaongea Kinyamwanga na wenzao. Mke wake hakuwa na ajira ya kuiacha na wazazi wake bado wana nguvu. Hesabu zake zilikuwa nyingine, jibu likawa jingine. Alinitumia picha ya nyumba yake anayojenga Mbeya, imepauliwa bati la kisasa, nami nikaikuza picha ile kwa vidole kuliko ilivyohitajika.

Sasa limekuja jipya. Mke wangu ameomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Dodoma, na amepata. Ruhusa ya mwajiri inashughulikiwa. Mwaka jana mambo haya yangekuwa hayafikiriki. Mwanamke kuondoka, mume kubaki na watoto na mama mgonjwa. Kaka amekwisha kupiga simu. Mama mkwe, kwa mshangao wa wote, amenyamaza, na nadhani ni mara yake ya kwanza kuona faida ya mkwe aliyekosa cheo.

Kinachotusaidia ni treni. Tangu katikati ya mwaka 2024 ile ya SGR, reli mpya ya umeme, inakwenda Dodoma kwa kama saa nne, na treni ilipoanza nauli ya kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi ni 62,000. Akija kila baada ya wiki mbili ni 124,000 kwa mwezi, kabla hujahesabu bajaji ya kwenda stesheni wala chumba kule. Kaunta buku imefunguliwa tena mkekani. Hisa za kikoba zimeshafutwa, mimi nimependekeza nyama iwe ya Jumapili tu, mama amependekeza ninyimwe vocha. Binamu yangu anaoa Desemba, kadi imeshafika, na jana usiku tumekubaliana atapewa singo, kwa awamu tatu, na ujumbe wa kumweleza nitauandika mimi.